Mbuzi, Karata na Rambirambi: Historia ya Nahau za Kiingereza za Lawama na Tatizo la Kuzifasiri

Tarehe 6 Juni 2013 William Hague, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, aliisoma bungeni taarifa kuhusu Wakenya walioteswa katika kambi za kizuizini za wakati wa Hali ya Hatari, yaani kati ya 1952 na 1960. Taarifa hiyo ilikiri kwamba mateso yalikuwako. Ilieleza kwamba serikali ya Uingereza ingelipa jumla ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa ajili ya walalamishi 5,228. Ilitaja hisia za serikali hiyo juu ya mambo yaliyotukia kwa kitenzi cha Kiingereza "regret", kikiwa kimetanguliwa na kielezi cha kuonyesha unyofu wa moyo. Kisha, katika taarifa iyo hiyo, ilisisitizwa kwamba serikali ya leo inaendelea kuikana dhima ya kisheria kwa matendo ya utawala wa kikoloni.

Nimewahi kuwapa wanafunzi wangu wa uzamili kifungu hicho wakifasiri. Darasa liligawanyika. Wengine waliandika kwamba serikali "inasikitika", wengine kwamba "inajuta", na kundi kubwa zaidi, pengine kwa sababu ndilo walilotaka kulisikia, likaandika kwamba "inaomba radhi". Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba serikali ya Uingereza "inatoa rambirambi za dhati". Wenzake walicheka, nami nikamwekea alama ya kosa kwa wino mwekundu.

Makala hii imetokana na ubishi wa siku ile. Inakusudia kuchunguza historia ya baadhi ya nahau na maneno ya Kiingereza yanayohusu lawama na hali ya kuwa mkosa, na kuangalia yanatendwa nini, nayo yanatenda nini, yanapovushwa kuingia katika Kiswahili. Dai letu ni kwamba nahau za Kiingereza zenye nguvu zaidi katika uwanja huu zimejengwa juu ya tendo la kuhamisha. Lawama huchukuliwa kama mzigo ambao waweza kutoka kwenye mabega ya aliyetenda ukatuliwa juu ya kiumbe kingine: mnyama, mtoto, mchezaji wa karata aliyeketi pembeni, au hata juu ya sentensi isiyo na mtenda. Mfasiri asiyeuliza nahau hizo zilitoka wapi huweza kujikuta anausaidia uhamishaji huo bila kujua.

Tuanze na mizizi, ingawa hatutakawia huko. Neno "blame" liliingia katika Kiingereza kupitia Kifaransa cha kale, na asili yake ya mbali ni kitenzi cha Kigiriki ambacho pia kilizaa neno la kukufuru. Kwa hiyo kulaumu, kwa asili, ni kusema vibaya: ni tendo la ulimi wa mlaumu na si la mkono wa mkosaji. Neno "wrong" ni la Waskandinavia wa kale na maana yake ya awali ni kitu kilichopinda. Ni jamaa wa kitenzi cha kusokota na kukamua. Nalo "fault", lililotokana na Kilatini kupitia Kifaransa, lilikuwa na maisha yake katika uwindaji. Mbwa waliopotewa na harufu ya mawindo walisemwa kuwa "at fault", maneno yale yale ambayo leo humaanisha kuwa mwenye makosa.

Hapo Kiswahili kinakaribiana sana na lugha hizo. Kukosa ni kutolipata lengo kabla ya kuwa ni kutenda dhambi, na mwindaji aliyemkosa paa hana haja ya kutubu. Neno "hatia" tulilolipata kutoka Kiarabu lina mzizi ambao nao wahusu kutopiga shabaha. Wanafunzi wa uhakiki watakumbuka kwamba neno la Aristotle katika Poetics, hamartia, lilikuwa na maana hiyo hiyo kabla ya walimu kuligeuza kuwa "dosari ya shujaa". Kwamba Kibantu, Kisemiti na Kigiriki zimeifikia picha moja ya mshale uliopita kando ni jambo linalostahili makala yake. Kwetu sisi linatosha kuonyesha kwamba katika ngazi ya mizizi hakuna ugeni mkubwa. Ugeni unaanza pale mbuzi anapoingia.

Mbuzi wa Tyndale

Katika sura ya 16 ya Mambo ya Walawi wanaelezwa mbuzi wawili. Kura hupigwa. Mmoja huchinjwa. Juu ya kichwa cha wa pili kuhani huweka mikono yake, huziungama dhambi za watu, kisha mbuzi huyo hupelekwa jangwani akiwa hai, kwa Azazeli. Neno hilo la mwisho liliwasumbua wafasiri tangu zamani. Wataalamu wengi wa leo hulichukua kuwa ni jina, ama la pepo ama la mahali. Lakini neno hilo la Kiebrania laweza pia kukatwa vipande viwili likasomeka kama "mbuzi aendaye zake", na huo ndio usomaji ulioifikia tafsiri ya Kilatini ya Jerome. William Tyndale, Mwingereza aliyekuwa akifasiri akiwa uhamishoni, alipokichapisha kitabu chake cha Torati mwaka 1530, aliifuata njia hiyo akabuni neno jipya la Kiingereza: "scapegoat", yaani mbuzi wa kuponyoka. Yeye mwenyewe hakuponyoka. Alikamatwa mwaka 1535, na mwaka uliofuata akanyongwa na mwili wake ukachomwa moto huko Vilvoorde.

Tafsiri ya Kiingereza iliyoidhinishwa na Mfalme James mwaka 1611 ililihifadhi neno la Tyndale. Wasahihishaji wa 1885 walilirudisha jina Azazeli mahali pake, lakini walikuwa wamechelewa. Kufikia 1824 neno "scapegoat" lilikuwa limekwisha kutumika kwa maana ya mtu anayelaumiwa kwa makosa ya wengine, na tangu hapo halikurudi tena hekaluni. Kwa maneno mengine, nahau mashuhuri kuliko zote za lawama katika Kiingereza imesimama juu ya tafsiri yenye shaka.

Jambo la kuzingatia ni mabadiliko ya maana yaliyotukia njiani. Katika Walawi hakuna anayedhani mbuzi amekosa. Dhambi zinatajwa kwa sauti, na wenye dhambi wapo, wanasikiliza. Katika nahau ya kisasa hali ni kinyume kabisa: mpango haufaulu isipokuwa watu wasadiki kwamba mbuzi ndiye mwenye hatia. René Girard, katika kitabu chake cha 1982 juu ya mada hii, alilifanya jambo hilo kuwa msingi wa nadharia yake. Kwa maoni yake, umati unaomtesa mhanga hauna habari kwamba huyo ni mhanga, na siku utakapoipata habari hiyo ibada nzima itavunjika. Mtu anaweza kumlaumu Girard kwa kuiona kila fasihi duniani kupitia tundu hili moja (nami ni mmoja wa wanaomlaumu), lakini kuhusu tofauti hii alikuwa sahihi.

Kiswahili je? Biblia ya Muungano ya 1952 imeliacha jina Azazeli kama lilivyo, kwa hiyo nahau haikuweza kutufikia kwa njia ya Maandiko. Lililoenea magazetini na redioni ni "mbuzi wa kafara", pamoja na kitenzi chake "kutolewa kafara". Wako pia wanaotumia "bangusilo", neno zuri ambalo kwa bahati mbaya wanafunzi wengi hulijua kutokana na kamusi tu. "Mbuzi wa kafara" lina historia ya ajabu kidogo. Kafara ni neno la Kiarabu, na mzizi wake ndio mzizi wa neno la Kiebrania linaloitaja Siku ya Upatanisho, Yom Kippur, ambayo ndiyo siku ya wale mbuzi wawili wa Walawi. Wanahabari wetu, wakifasiri nahau ya Kiingereza bila kumfikiria Tyndale wala Musa, walimrudisha mbuzi kwenye siku yake.

Walimrudisha, lakini kwa mbuzi asiye yeye. Kafara katika sheria ya Kiislamu ni malipo anayoyatoa mkosaji mwenyewe. Aliyevunja kiapo, kwa mfano, hulisha au huvisha maskini 10, au humwacha huru mtumwa, na asiyeweza hayo hufunga siku 3. Ni kweli kwamba katika desturi za watu wa pwani kafara hutolewa pia ili kuondosha balaa lisilojulikana limeletwa na nani. Hata huko, hata hivyo, mtoaji hujulikana, na hutoa kilicho chake. Hakuna anayetoa kafara ya mbuzi wa jirani. Tunaposoma kwamba karani fulani "ametolewa kafara" na wakubwa wake, neno lililokuwa likimaanisha kulipia kosa lako limekuja kumaanisha kumlipisha mwingine. Sisemi kwamba matumizi hayo yaondolewe. Yamekwisha kuota mizizi. Nasema kwamba ni maana ya Kiingereza iliyovaa kanzu.

Mtoto wa kuchapwa na mkono mwekundu

Nahau ya pili ya ukoo huu ni "whipping boy", mtoto aliyechapwa badala ya mwana wa mfalme. Inasimuliwa kwamba Edward wa Sita, aliyetawala Uingereza kati ya 1547 na 1553 akiwa bado mtoto, alikuwa na mwenzake ambaye alichapwa kila mfalme alipofanya kosa la masomo, kwa kuwa haikufaa mwalimu amwekee mkono mtu aliyepakwa mafuta na Mungu. Wanahistoria wanaitilia shaka hadithi hii, maana ushahidi wake ni wa baadaye. Linalojulikana ni kwamba Samuel Rowley aliutia mkasa huo jukwaani katika tamthilia yake iliyochapishwa mwaka 1605, na kwamba Mark Twain aliupa uhai mpya katika The Prince and the Pauper mwaka 1881. Hapa basi tunayo nahau ambayo yamkini fasihi iliiumba kisha historia ikaiamini. Kwa mhakiki, thamani yake iko katika mantiki yake: mkosaji anajulikana, kosa linajulikana, adhabu inatolewa, ila fimbo inaangukia ngozi nyingine kwa sababu ya cheo.

Dhidi ya nahau hizi za kuhamisha, Kiingereza kina nahau moja ambayo haihamishiki. Sheria ya Uskoti ya karne ya 15 ilizungumza juu ya mtu aliyekamatwa na "mkono mwekundu", yaani damu ya aliyeuawa ikiwa haijakauka. Walter Scott, aliyekuwa mwanasheria kabla ya kuwa mwandishi wa riwaya, aliitumia katika Ivanhoe iliyotolewa mwishoni mwa 1819, na kutoka hapo ikasambaa kwa Waingereza wote. Wasomaji wa Macbeth, au wa tafsiri yake ya Kiswahili aliyoitoa S. S. Mushi mwaka 1968, wanajua jinsi damu ya mkononi inavyokataa kuhamia kwa walinzi waliopakwa ili washukiwe. Kiswahili hakihitaji kukopa hapa. Tuna kufumania na tuna kushikwa ugoni, na hata mtu aliyekamatwa na ngozi ya ng'ombe wa wizi anaeleweka bila maelezo.

Kuna nahau nyingine ambazo hazitatuchelewesha. Ile ya chungu kukicheka sufuria kwa weusi ilipata sura yake ya Kiingereza kutokana na tafsiri ya Don Quixote ya Thomas Shelton, mwaka 1620, na Mswahili anayo ya nyani asiyeona kundule. Ile ya fundi mbaya kulaumu zana zake tunayo katika mbaazi inayosingizia jua inapokosa maua. Ulinganifu wa namna hii huwafurahisha watunzi wa vitabu vya shule, lakini haufundishi mengi.

Meza ya karata

"Pass the buck" inafundisha zaidi. Ni nahau ya Marekani, na chimbuko lake ni mchezo wa poka wa karne ya 19. Mbele ya mchezaji ambaye zamu yake ya kugawa karata ilikuwa imefika kiliwekwa kitu cha alama, mara nyingi, kama inavyoelezwa, kisu chenye mpini wa pembe ya paa, na ndipo likaja jina "buck". Asiyetaka kugawa alikisogeza mbele ya mwenzake. Mark Twain aliyaweka maneno hayo katika kinywa cha mhusika wa Roughing It, kitabu cha 1872, yakiwa bado ni ya karata. Mwanzoni mwa karne ya 20 yalikuwa yamekwisha kuhamia ofisini, na kilichokuwa kikisogezwa si zamu tena bali lawama.

Rais Harry Truman alikuwa na kibao juu ya meza yake kilichotangaza kwamba mchezo huo unakomea hapo alipoketi. Picha yake na kibao hicho imekuwa mfano wa kiongozi anayeubeba mzigo wake. Kisichotajwa sana ni kwamba kibao kilitengenezwa katika gereza la kurekebisha tabia la serikali huko El Reno, Oklahoma, na kikapelekwa kwa Rais Oktoba 1945. Kauli ya kutokimbia dhima iliandaliwa mahali wanapokaa watu ambao tayari wamebebeshwa yao.

Waandishi wetu huifasiri nahau hii kwa "kutupiana mpira". Badiliko la karata kuwa mpira linaonekana dogo, lakini linageuza maana. Karata ni za watu wanne au watano chumbani, na anayesogeza kisu husogeza kimya kimya. Mpira huchezwa uwanjani mbele ya watazamaji, na kila anayepiga pasi anaonekana. Kwa upande huu tafsiri ni kali kuliko asili, nami naipendelea.

Maji ya Hola

Mpaka hapa tumekuwa tukisoma nahau kana kwamba ni mambo ya kamusi. Inatupasa sasa kuangalia jinsi lugha hii ilivyotumiwa katika nchi hii, na mahali ambapo makala hii haiwezi kupakwepa ni Hola.

Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya kizuizini ya Hola karibu na Mto Tana, wafungwa walitolewa kwenda kufanyishwa kazi kwa nguvu, kwa kufuata mpango ulioandaliwa na afisa mwandamizi wa magereza na kuidhinishwa na wakubwa wake. Walipigwa marungu. Watu 11 walikufa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya koloni ilieleza kwamba watu hao walikufa baada ya kunywa maji kutoka katika gari la maji. Uchunguzi wa vifo uliofuata ulibainisha kwamba waliuawa na majeraha ya kipigo.

Tuisome taarifa ile ya kwanza kama tunavyosoma matini yoyote. Haisemi kwamba maji yaliwaua. Inasema walikufa baada ya kunywa, na inamwachia msomaji kazi ya kuligeuza neno la wakati kuwa neno la sababu. Hakuna aliyesingiziwa kwa jina. Hata hivyo mbuzi yupo: ni maji. Mzigo umetuliwa juu ya kitu ambacho hakiwezi kujitetea, kisha kikapelekwa jangwani, na Hola kwa hakika iko katika nchi kame. Nahau ya Tyndale haikutajwa popote katika taarifa hiyo, lakini ndiyo iliyoipa umbo lake.

Ukweli ulipotoka, uhamishaji ulianza upya kwa njia nyingine: msimamizi wa kambi ndiye aliyetakiwa kustaafu, na hakuna mtu aliyeshtakiwa kwa vifo hivyo. Usiku wa tarehe 27 Julai 1959 jambo hilo lilijadiliwa katika Bunge la Uingereza. Hotuba iliyokumbukwa zaidi haikutoka upande wa upinzani bali kwa Enoch Powell wa chama kilichokuwa kikitawala (ndiye huyo aliyejipatia sifa nyingine kabisa mwaka 1968 kwa hotuba yake dhidi ya wahamiaji). Powell alikataa lawama iishie kwa watu wa kambini. Alitaka iwapandie walioupokea mpango na kuuidhinisha. Alikataa pia hoja kwamba uzito wa vifo hivyo upimwe kwa kuangalia waliokufa walikuwa watu wa namna gani, au kwamba yasiyoruhusiwa Uingereza yaweza kuruhusiwa Afrika. Waziri wa Makoloni aliendelea na kazi yake mpaka Oktoba ya mwaka huo.

Mtenda aliyejificha

Kuna njia ya kuhamisha lawama ambayo haihitaji mnyama wala mtoto wala maji, nayo ni sarufi. Kiingereza cha siasa kina sentensi yake maarufu isemayo kwamba makosa yalifanywa, "mistakes were made". Rais Ulysses Grant, katika ujumbe wake wa mwisho wa mwaka kwa Bunge la Marekani, Desemba 1876, alitumia umbo la namna hiyo, lakini aliongeza kwamba yeye mwenyewe anakubali. Msemaji wa Rais Nixon alilitumia mwaka 1973 wakati wa kashfa ya Watergate. Rais Reagan alilitumia Januari 1987 alipozungumzia silaha zilizouzwa Iran. Kadiri miaka ilivyopita, ule mkia wa Grant wa kukubali ulikatika, ikabaki kauli ya kutendwa peke yake.

Mswahili anayecheka hapa na ajitazame. Kauli ya kutendwa ina mlango ulio wazi: "makosa yalifanywa" inamruhusu msikilizaji kuuliza "na nani?" na sarufi itampa nafasi ya kulijibu. Sisi tuna kauli ya kutendeka, na hiyo imefunga mlango kabisa. "Kikombe kimevunjika", asema mtoto, na hakuna namna ya kusema kwa Kiswahili sanifu kwamba kimevunjika "na mtoto". Ndiyo maana katika ripoti na taarifa zetu makosa hayafanywi, hufanyika. Fedha hazipotezwi, hupotea. Hakuna mkoloni aliyetufundisha hili, tulikuwa nalo.

Lakini Kiswahili hicho hicho kina neno "nimekukosea". Ndani ya neno hilo moja mna aliyetenda, mna aliyetendewa, na mna kosa lenyewe, na kiambishi cha kutendea kimewaunganisha. Hauwezi kuondolewa mmoja bila neno kuvunjika. Kiingereza kinahitaji sentensi nzima, na katika sentensi nzima kila neno linaweza kuachwa.

Pole na radhi

Tunarudi sasa kwenye taarifa ya 2013 na ubishi wa darasa langu. Kiingereza kina neno moja, "sorry", kwa hali mbili. Asili yake ni neno la kale la kidonda na maumivu. Anayelitamka husema tu kwamba anaumia, na ni juu ya msikilizaji kukisia kama anaumia kwa sababu ametenda au kwa sababu ameona. Kiswahili hakiruhusu ukungu huo. Aliyeangukiwa na mwembe huambiwa "pole". Aliyekanyagwa huambiwa "samahani" au "niwie radhi". Mtu akikukanyaga kisha akakuambia "pole" tu, utamtazama mara mbili, kwa kuwa amejiweka miongoni mwa wapita njia.

Neno "apology", ambalo taarifa ya 2013 iliepa kulitumia, nalo si safi kama linavyodhaniwa. Kwa Kigiriki ni hotuba ya kujitetea mahakamani. Katika kitabu cha Plato chenye jina hilo Socrates haombi msamaha hata mara moja, na katika Kiingereza cha mwanzo wa karne ya 16 maana ilikuwa hiyo hiyo ya utetezi. Kuomba radhi kulikuja baadaye, na harufu ya kujitetea haijatoka kabisa. "Radhi", kwa upande wake, ni hali ya moyo wa aliyekosewa, ni kuridhika kwake. Anayeiomba amekwisha kukubali kwamba kitu anachokihitaji kiko mikononi mwa mwingine na chaweza kunyimwa. Hapana shaka hii ndiyo sababu serikali huogopa neno hilo kuliko zinavyoogopa kulipa. Fidia ina kiwango; radhi haina.

Basi "regret" ni nini? Neno hilo lilitoka Kifaransa, na katika Kifaransa cha kale kitenzi chake kilimaanisha kumlilia aliyekufa, kuomboleza. Ni neno la matangani. Halimtaji muuaji, halimtafuti, na anayelitumia huketi jamvini pamoja na wafiwa. Tarehe 31 Oktoba 2023 Mfalme Charles wa Tatu, katika karamu ya taifa mjini Nairobi, alizungumza tena juu ya mateso ya Hali ya Hatari. Alikubali kwamba hakuna udhuru wa maovu yale, na hilo halikuwa jambo dogo. Maneno ya hisia aliyoyachagua yalikuwa mawili: la huzuni na, kwa mara nyingine, hili la matangani. Kuomba radhi hakukuwamo.

Magazeti yakileta habari kama hizo kwa Kiswahili, mhariri hulazimika kuchagua, maana lugha haimpi neno la katikati. Akiandika "ameomba radhi" atakuwa amewapa wazee wa kambini kitu ambacho hawakupewa. Akiandika "amejuta" atakaribia, lakini majuto ya Kiswahili ni ya aliyetenda. Majuto ni mjukuu, na mjukuu hana budi kuwa na babu. Akiandika "amesikitika" atakuwa salama na baridi.

Nimeitafuta karatasi ya yule mwanafunzi aliyeandika "rambirambi" nisiipate. Alikwisha kuhitimu na kwenda zake. Alama nilizomnyima zilikuwa 2. Nilimkosea.